Vitabu vya Utulivu na Daftari la Nafsi



Bila shaka nawe umeviona vitabu hivi. Ukiingia katika duka kubwa la vitabu, au ukisubiri ndege katika uwanja wa kimataifa, utavikuta vimepangwa mbele, mahali ambapo zamani pangewekwa riwaya za upelelezi. Majalada yake ni meupe au ya rangi ya mchanga, hayana makelele. Na vyote vyaahidi jambo moja kwa maneno mbalimbali: kwamba mwanadamu aliyechoka ataonyeshwa njia ya kutulia, ya kukaa na nafsi yake, na ya kuishi siku zake kwa kufikiri. Asiye na fedha ya kuvinunua huletewa na rafiki katika simu, kitabu kizima, usiku wa manane, bila hata salamu.

Mimi huletewa na mpwa wangu. Ni kijana wa miaka 27, afanyaye kazi ya kompyuta katika ofisi moja mjini Dar es Salaam, na kwa kuwa ajua mjomba wake ni mtu wa kusoma, kila apatapo kitabu cha namna hii hunipelekea. Kwa muda mrefu nilivipokea kama mtu apokeavyo kalenda: nashukuru, naweka. Kisha jioni moja alikuja kunitembelea. Wakati wa Isha ukaingia, nikasimama. Yeye akabaki ameketi. Nilipomaliza sala akaniambia kwa upole, "Mjomba, usinikasirikie. Siku hizi mimi hukaa kimya dakika 20 kila asubuhi, natazama pumzi zangu, na moyo unatulia. Nadhani napata kile kile unachokipata wewe juu ya mswala. Sasa tofauti ni nini?"

Nilimjibu kwa hasira, na hasira haijapata kuwa jibu. Alinisikiliza kwa adabu, akamaliza chai yake, akaenda zake. Usiku ule nikatambua kwamba swali lake lilikuwa halali, na kwamba mimi niliyezoea kuwajibu watu sikuwa na la kumjibu mtoto wa dada yangu. Ndipo nikaazimia kuvisoma vitabu vyake kwa haki kabla ya kusema neno jingine.

Nianze na kile nilichokipenda kuliko vyote. Mwaka 2021 mwandishi wa magazeti wa Kiingereza, Oliver Burkeman, alitoa kitabu kiitwacho Four Thousand Weeks, yaani Majuma Elfu Nne. Jina hilo ni hesabu tu: mtu akijaliwa miaka 80, ameishi majuma elfu nne na kidogo. Bwana huyu kwa miaka mingi alikuwa na safu katika gazeti la The Guardian, akizijaribu mbinu za wale wanaofundisha watu jinsi ya kuutumia wakati. Hatimaye akaona kwamba mbinu hizo zina hila ndani yake. Mtu ajibuye barua upesi zaidi huletewa barua nyingi zaidi. Mtu amalizaye kazi mapema hupewa kazi ya mwenzake. Dawa anayoitoa ni kukubali kwamba utakufa ukiwa hukuyafanya mengi, kisha uchague machache na kuyafanya hayo. Jambo hili limesemwa juu ya mimbari zetu tangu zamani. Lakini ni mara ngapi limesemwa kwa namna ya kumfanya msikilizaji atoe kalamu mfukoni apige hesabu yake? Mimi niliitoa. Nina miaka 63. Kwa majuma 52 kila mwaka nimekwisha kutumia majuma 3,276. Nikipewa hizo elfu nne, yamebaki 724. Nilitembea na namba hiyo siku nzima kama mtu aliyetiwa jiwe katika kiatu.

Kitabu cha pili ni cha Jonathan Haidt, mwalimu wa elimu ya tabia za jamii katika Chuo Kikuu cha New York, kilichotoka mwaka 2024. Kiitwacho The Anxious Generation, chazungumzia hasa madhara ya simu kwa watoto. Lakini ndani yake mna sura nzima juu ya kupanda na kushuka kwa roho, na hapo msomaji wa dini hupata mshangao. Mwandishi asema waziwazi kwamba yeye haamini kuwako kwa Mungu. Hata hivyo alipotafuta kitu cha kuwaponya watu wa zama hizi, alikwenda moja kwa moja katika ghala za dini: kukutana kwa siku na saa maalumu, kutumia mwili katika ibada, kunyamaza, kutokuwa mwepesi wa kulaumu na kuwa mwepesi wa kusamehe, kuzistaajabia kazi za maumbile. Wako miongoni mwetu watakaofurahi na kusema, "Tazameni, hata wao wamekiri." Mimi sikufurahi sana. Mtu anayeazima jembe lako kila mwaka hajakwambia kwamba analipenda shamba lako.

Cha Pico Iyer kilinigusa kwa njia nyingine. Huyu ni mwandishi wa asili ya Kihindi, aliyezaliwa Uingereza na kukulia huko na California. Mwaka 1990 moto wa msituni uliteketeza nyumba ya familia yake huko Santa Barbara, na maandiko yake aliyokuwa hajayachapisha yakaungua pamoja na nyumba. Mwaka uliofuata alikwenda kupumzika katika makao ya watawa wa Kikatoliki yaliyo juu ya bahari, mahali paitwapo Big Sur, na tangu hapo amerudi zaidi ya mara mia moja, ingawa yeye mwenyewe si Mkristo. Habari hizo amezitia katika kitabu Aflame kilichotoka mwaka 2025. Alichokipata pale ni ukimya. Anausifu kwa lugha nzuri, nami ninaamini kwamba hasemi uongo. Ila nilipokuwa nikisoma sikuacha kuwafikiria wale watawa wenyewe, na yeye pia, kwa insafu yake, anaonyesha jinsi wanavyofanya kazi. Mgeni huja siku tatu, akaonja utulivu, akaondoka. Utulivu ule unatunzwa na watu wasioondoka. Wao hukutana katika ibada asubuhi na jioni, wapende wasipende, hupika, hufagia, huwauguza wazee wao. Ni kama maji ya mtungini: anayeyanywa husema ni baridi, na aliyeyateka hayumo katika maneno hayo.

Kipo na cha Casper ter Kuile cha mwaka 2020, kiitwacho The Power of Ritual, kinachofundisha kwamba lolote laweza kufanywa ibada, hata kukisoma kitabu cha Harry Potter kwa taratibu ambazo watawa walisomea maandiko yao matakatifu. Hicho nilikisoma upesi, na wewe msomaji utanisamehe nikikipita upesi.

Sasa nifike kwenye hilo zoezi la kutazama pumzi, kwa maana hapo ndipo swali la mpwa wangu lilipokuwa. Zoezi hilo lina historia, na historia yake ina mafunzo. Mwaka 1974, vita ya Vietnam ikiwa haijakwisha, mtawa wa Kibudha aitwaye Thich Nhat Hanh, aliyekuwa Ufaransa kwa sababu hakuruhusiwa kurudi kwao, aliandika barua ndefu kwa ndugu mmoja nchini mwake. Ndugu huyo alikuwa kiongozi katika shule iliyowafundisha vijana kwenda vijijini kuwahudumia watu walioharibiwa na vita, na baadhi ya vijana hao walikuwa wameuawa katika kazi hiyo. Barua ile ilifundisha jinsi ya kupumua kwa makini, kutembea kwa makini, hata kuosha vyombo kwa makini, ili watu hawa wasiingiwe na chuki wala kukata tamaa katikati ya maiti na moto. Mwaka 1975 ilitolewa kuwa kitabu cha Kiingereza, The Miracle of Mindfulness, na mwandishi wake aliishi mpaka mwaka 2022.

Kisha mwaka 1979 mwanasayansi mmoja wa Marekani, Jon Kabat-Zinn, akaanzisha mafunzo ya kupunguza mfadhaiko katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts. Alichukua mazoezi ya Kibudha akayavua vazi la dini, ili yamfae kila mgonjwa. Nia ilikuwa njema, na wagonjwa wengi wenye maumivu ya kudumu walipata nafuu. Lakini kitu kilichovuliwa vazi mara moja huendelea kuvuliwa. Kutoka hospitalini kikaenda katika makampuni, kutoka makampuni kikaingia jeshini, kutoka hapo kikawa programu ya simu inayolipiwa kila mwezi. Mwaka 2019 msomi Ronald Purser, naye ni Mbudha, aliandika kitabu McMindfulness kwa uchungu mkubwa. Hoja yake ni kwamba zoezi lililotolewa nje ya maadili yake limegeuka kuwa njia ya kumfanya mtu avumilie hali ambayo pengine haikupasa kuvumiliwa. Mfanyakazi anayelemewa huambiwa apumue; aliyemlemeza haambiwi kitu.

Kumbe, ndugu msomaji, swali ninalolijia halikubuniwa na masheikh. Watu wenye zoezi lenyewe wanaulizana: Moyo ukiisha kutulia, unatulia kwa ajili ya nini? Barua ya mwaka 1974 ilikuwa na jibu. Kijana yule alitulizwa ili aweze kurudi kijijini kesho yake kuwahudumia majeruhi.

Nilipofika hapo niliviweka vitabu vipya kando, nikaenda kwenye cha zamani.

Abu Hamid al-Ghazali alikuwa mwalimu mkuu katika chuo cha Nizamiya mjini Baghdad. Wanafunzi mamia walimsikiliza, na watawala walimheshimu. Mwaka 1095 ulimi wake ulikataa. Asimulia mwenyewe kwamba alisimama kufundisha na maneno hayakutoka, chakula hakikupita, matabibu wakakata tamaa. Alikuwa ameichunguza nia yake katika kufundisha, akaona kwamba jambo lililomsukuma ni kutafuta jina. Akatoka Baghdad, akaacha cheo, akakaa miaka kama kumi katika safari na upweke. Hatimaye alirudi kwao Tus, na huko akafariki mwaka 1111. Katika zama hizo aliandika kitabu chake kikubwa, Ihya Ulumid-Din, chenye vitabu 40 ndani yake. Cha 38 kinahusu kuilinda nafsi na kuihesabia, na tafsiri yake ya Kiingereza ilichapishwa Cambridge mwaka 2015, kwa hiyo nacho chaweza kuketi katika rafu moja na hivyo vingine.

Ghazali hakuanza na pumzi. Alianza na duka. Asema akili ni mfanyabiashara, na nafsi ni mshirika wake aliyekabidhiwa mali akafanye biashara. Sisi watu wa pwani twayafahamu haya upesi, kwani mali kauli ni desturi yetu ya kale: nakupa bidhaa kwa neno lako, nenda kauze, urudi tuhesabiane. Mali aliyopewa nafsi ni umri. Basi asubuhi, kabla nafsi haijatoka, mtu aipe masharti. Mchana aifuate kwa macho, kwa kuwa mshirika huyu ni mwizi akiachwa peke yake. Jioni wakae wote wawili, wafungue daftari. Palipo na hasara atozwe; akirudia, ashindwe kwa mazoezi; na akibisha, akemewe. Ndizo ngazi sita: kushurutisha, kulinda, kuhesabu, kuadhibu, kujitahidi na kukemea.

Na katika ile hesabu ya jioni, Ghazali aweka utaratibu ambao mfanyabiashara yeyote angeukubali. Rasilimali ya mtu katika dini ni mambo aliyofaradhishiwa. Faida yake ni yale ya hiari, nyongeza za kheri. Hasara ni maasi. Na mfanyabiashara aanze kwa kuuliza kama rasilimali ipo. Hakuna mwenye akili ahesabuye faida huku mtaji umekwisha kuliwa.

Katika kitabu hicho hicho imo habari ya mtu mmoja wa Raqqa, jina lake Tauba bin Simma, aliyekuwa na tabia ya kujihesabu. Siku moja alipiga hesabu ya umri wake akaona umetimia miaka 60. Akazigeuza kuwa siku, zikawa elfu ishirini na moja na mia tano. Akapiga ukelele: ikiwa kila siku ina dhambi moja tu, atakutanaje na Mfalme akiwa na mzigo huo? Akaanguka, na walipomwinua walimkuta amefariki. Niliposoma hayo nilimkumbuka Burkeman na majuma yake. Hesabu ni ile ile, karibu miaka mia tisa kabla ya Mwingereza kuzaliwa! Lakini kila mmoja ameipiga kwa kuelekea upande wake. Burkeman huzihesabu siku zilizobaki ili azitumie vizuri. Tauba alizihesabu zilizopita, kwa sababu alijua kuna Mtu atakayemwuliza juu yake. Mimi nilikuwa nimekaa na namba 724 siku nzima, 3,276 sikuitazama.

Kurani Tukufu katika Sura Al-Hashr inawaamrisha waamini kumcha Mungu, na kila nafsi iangalie imekwisha kutanguliza nini kwa ajili ya kesho yake. Imesimuliwa pia kutoka kwa Seyidna Umar r.a. kwamba aliwahimiza watu wajihesabu wenyewe kabla hawajahesabiwa. Wala haifai tuseme kwamba ni sisi tu tuliojua mlango huu. Seneca wa Roma, ambaye hakuwa na Kitabu, alieleza kwamba taa ikisha kuzimwa na mkewe amenyamaza, huipitia siku yake yote asijifiche lolote. Ignatius wa Loyola aliwawekea wafuasi wake uchunguzi wa dhamiri katika mazoezi yaliyochapwa mwaka 1548. Na hapa kwetu, yapata miaka mia mbili iliyopita, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi. Aliyatazama magofu ya Pate, majumba yaliyokuwa na taa na sahani za Kichina, sasa yakiwa makao ya popo. Lakini hakuyaandika ili kumwonyesha mgeni uzuri wa magofu. Maneno yote ameyaelekeza kwenye moyo wake mwenyewe, anaubana, anauhoji, anauliza mbona hausikii. Twawafundisha watoto shuleni kwamba huo ni utenzi mkubwa wa Kiswahili. Ni mara chache twawaambia kwamba ni mtu anayejishtaki.

Basi nikadhani nimelipata jibu la mpwa wangu. Nilikuwa tayari kumwandikia: Wewe unautuliza moyo, sisi tunauhesabia, nenda ukajihesabu. Nilichukua karatasi. Kisha nikaona aibu kumwagiza mtu safari nisiyoijua njia yake, nikasema nijaribu kwanza mimi mwenyewe, usiku hata usiku, kwa daftari la shule la kurasa 48.

Usiku wa kwanza niliandika nilivyomkatiza jirani maneno. Wa pili, sala niliyoichelewesha kwa ajili ya taarifa ya habari. Usiku wa nne nilianza kuyafurahia madhambi yangu, kwa maana yalikuwa madogo na maandishi yalikuwa mazuri. Jihadhari na hatua hiyo, msomaji. Sikuikuta imetajwa katika kitabu chochote nilichosoma, au pengine imetajwa nami sikuiona.

Usiku wa tisa nilifuata utaratibu wa Ghazali sawasawa, nikaanza na rasilimali. Faradhi. Sala, ndiyo. Saumu, ndiyo. Zaka, ndiyo. Haki za watu. Hapo kalamu ikasimama.

Baba yetu alifariki mwaka 2003, mama akiwa amemtangulia. Tulibaki wawili, mimi na dada yangu mdogo. Aliacha shamba la minazi upande wa Pangani. Mirathi ya Kiislamu katika hali hiyo haina fumbo: mimi mafungu mawili, yeye fungu moja. Siku ya arubaini wazee walilisema hilo mbele yetu, na sote tukaitika. Baada ya hapo shamba nikalisimamia mimi, kwa kuwa mimi ndiye mwanamume, na kwa kuwa dada yangu alikuwa kwa mumewe Tanga na watoto wadogo. Wakwezi walipanda mara nne kwa mwaka, mchuuzi akaja, fedha zikaingia mkononi mwangu. Kila Idi nilimpelekea dada yangu kitenge, na gunia la mchele, na fedha kidogo ya watoto. Alipougua nilimlipia hospitali. Watu wakanisifu kwamba namtunza dada yangu, na mimi niliyasikiliza maneno hayo, nikayaamini.

Sijapata kumpa hesabu hata mara moja. Kwa zaidi ya miaka 20 nilimzawadia kitu kidogo kutoka katika mali yake mwenyewe, kisha nikapokea shukrani.

Nifikirie jambo hili pamoja nawe, maana ndipo penye hatari. Katika miaka hiyo yote mimi nilikuwa mtu mtulivu. Baada ya Alfajiri huketi juu ya mswala mpaka jua lichomoze. Nimeyafanya hayo tangu ujana, na moyo wangu hutulia kweli, simdanganyi mtu. Kijana yule aliposema kwamba anapata kile kile ninachokipata mimi, alisema kweli kuliko alivyojua. Wote wawili tulikuwa tukipata utulivu. Hata dhikri ya Mwenyezi Mungu, mtu asipojihesabu, yaweza kumlaza usingizi mzuri juu ya mali ya mwenziwe. Mtume Mtukufu s.a.w. aliwauliza masahaba kama wamjua aliyefilisika, wakadhani ni asiye na fedha. Akawafahamisha kwamba ni mtu ajaye Siku ya Kiyama na sala zake, saumu zake na zaka zake, lakini huku amemtukana fulani na kula mali ya fulani. Basi hao hugawiwa mema yake, na yakiisha kabla ya deni kulipwa, hutwikwa maovu yao. Hadithi hiyo nimeihutubia. Nadhani nimeihutubia mara tatu au nne, na mara moja dada yangu alikuwapo, upande wa wanawake.

Na yule kijana aliyekuja kuniuliza tofauti ni nini, ni mwanawe wa kwanza. Alisoma kwa taabu. Mwaka mmoja alikaa nyumbani kwa kukosa ada. Hakunitajia shamba hata siku moja. Kama alijua au hakujua, wakati ule sikuweza kumwuliza.

Nilichukua majuma matatu kuitengeneza hesabu. Nilikuwa na stakabadhi za miaka michache. Zilizobaki nilizikusanya kwa kumbukumbu na kwa kumwuliza mkwezi mzee ambaye bado yu hai. Kisha nikamwandikia mpwa wangu, bila mawaidha, nikamwomba anisindikize Tanga kwa mama yake Jumamosi, aje na simu yake yenye kupiga hesabu. Tulipanda basi la alfajiri. Njiani alisinzia, mimi nilishika daftari mapajani.

Dada yangu tulimkuta barazani anachambua mchele katika ungo. Tulisalimiana, akataka kuinuka kwenda kutengeneza chai, nikamwomba akae. Nikasema, "Dada, nimekuja kukuletea hesabu ya shamba." Hakujibu. Alirudisha macho katika ungo, vidole vikaendelea na kazi. Nikaanza kusoma, mwaka kwa mwaka, nazi ngapi, bei gani, za wakwezi ngapi, palizi ngapi, na kijana akiziandika na kuzigawa kwa tatu.

Nilipofika mwaka 2011 nilikwama. Nilikuwa nimeandika maangulio manne kama kawaida, lakini la mwisho sikukumbuka bei yake, wala mkwezi hakuikumbuka; nikasema tutie kadiri ya lile la kabla yake.

"Mwaka ule walipanda mara tatu, Kaka," akasema dada yangu, bado ameinama. "Vuli haikunyesha. Na zile za tatu uliziuza kwa shilingi mia na ishirini, siyo mia."

Mpwa wangu aliinua uso akamtazama mama yake, kwa muda kidogo. Kisha akafuta tarakimu aliyokuwa ameiandika, akaandika upya.